Sura ya Saba: Lori ya Maji Kwa Mbaluka

"Wewe usinitajie utaratibu, Meja! Watu watatu wako mochari na bado unanitajia utaratibu!"

"Na wewe usinipigie kelele ndani ya ofisi yangu, Madam!"

"Ofisi yako tangu lini? Soma hapo mlangoni. Kituo cha Pamoja. Pamoja, Meja! Ama jeshini mlifundishwa kusoma ramani pekee?"

"Tulifundishwa kusoma barabara. Lori yako ilitoka kwa barabara. Nani aliniambia? Hakuna!"

Inspekta Ndeti alikuwa amesimama katikati yao kama refa aliyesahau filimbi nyumbani. Ilikuwa saa tatu asubuhi na hawa wawili walikuwa wameanza kitambo. Meja Mwau, mtu wa Mukuyuni, mkubwa wa dawati la jeshi, alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka juu ya kiwiko. Muthoki, mama wa Makindu, mkuu wa dawati la raia, alikuwa ameshika faili kifuani vile mtu hushika mtoto ndani ya matatu iliyojaa. Kati yao kulikuwa na meza, na kwa meza kulikuwa na picha.

Hicho kituo, kabla ya hayo yote, kilikuwa ghala ya mahindi hapa Mwingi. Kiangazi kilipozidi, na majambazi wa kutoka ng'ambo ya Tana wakaanza kuteka malori ya msaada, mataifa yakaungana yakaleta Ujumbe. Upande wa kushoto wa ghala wakaweka wanajeshi wa nchi tano. Upande wa kulia wakaweka watu wa chakula, maji na dawa. Maneno ilikuwa ni moja: mwenye bunduki ajue mwenye maji yuko wapi, na mwenye maji ajue bunduki inaangalia wapi. Kwa karatasi ilikuwa tamu sana.

Jana, saa saba na dakika kumi mchana, droni ya Ujumbe ilipiga lori ya maji ya Ujumbe huohuo.

"Naomba niulize," Ndeti akasema.

"Uliza huyu!" wote wawili wakasema, kila mmoja akinyoosha kidole kwa mwenzake.

Ndeti akachukua picha. Ilipigwa kutoka juu. Lori ilionekana kama kiberiti. Kwa nyuma yake mpira mrefu mweusi ulitoka ukaingia kwa shimo. Kando ya shimo kulikuwa na wanaume wanne, na mmoja alishika kitu kirefu, chembamba, kinang'aa.

"Hii ni nini mkononi?"

"Mtutu," Meja akasema. "Ama bomba la kurushia. Wataalamu wanasema hivyo."

"Na shimo?"

"Shimo la bomu. Unaona wanalijaza mafuta. Kwa sheria yetu, gari ikitoka njia, watu wakichimba, na silaha ikionekana, hiyo ni shabaha."

"Na lori ilitoka njia kwa sababu ilitekwa," Muthoki akadakia. "Dereva wangu Mutie, Mungu amlaze pema, hangetoka barabara ya Ukasi hata kwa dawa. Aligeuzwa na huyo mwenzake, Keinan. Mita mia mbali wakati wengine wanakufa! Alijuaje?"

Hapo Ndeti akaona kitu kidogo. Kwa dakika kumi walikuwa wametupiana kila kitu isipokuwa viti. Lakini kwa jina la Keinan hakuna aliyempinga mwenzake. Meja aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Gari ya Nairobi inakuja kumchukua saa kumi jioni," Meja akasema. "Sheria ya ugaidi. Kazi yako ni kutuandikia tu vile lori iligeuka. Ukurasa mmoja unatosha."

"Na nikipata iligeuzwa na mtu mwingine?"

"Upate kabla ya saa kumi."

Ndeti aliijua hiyo gari. Wale aliowaona wakiingia ndani, wawili kwa miaka sita, hakuna aliyerudi kununua hata kiberiti Mwingi.

*

Keinan alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, ndevu zimeingia mvi, shati limekauka damu ya mtu mwingine. Kwa seli ya polisi alikuwa peke yake. Walimtenga.

"Ulienda wapi kabla lori ipigwe?"

"Kuswali."

"Saa saba?"

"Adhuhuri, afande. Mutie alijua. Miaka mitatu tumeendesha pamoja, ikifika hapo yeye anasema, nenda uniombee na mimi, usisahau gia boksi." Alicheka kidogo, halafu uso ukaanguka. "Nilitafuta mahali pasafi. Hapo kwa boma watu walikuwa wengi, matope, kuku. Nikapanda juu kwa mawe."

"Hatua ngapi?"

"Nani huhesabu hatua akienda kuswali, ndugu yangu?"

Ndeti akaandika. "Saa sita unusu ulipiga simu. Nambari ya Garissa. Jeshi wanasema ulikuwa unapeana habari ya mahali mko."

"Ni kweli."

Kalamu ya Ndeti ikasimama.

"Nilimpigia mzee Adan, kiongozi wa kambi ya Ukasi. Nambari alinunua Garissa, lakini yuko Ukasi. Nikamwambia, mzee, maji itachelewa masaa mawili, tumepitia matangani, usiwapange akina mama kwa jua."

Ndeti akatoka kwa korido, akapiga hiyo nambari. Ilishikwa mara ya kwanza.

"Warya, wewe ni nani?" Sauti ya uzee, nyuma yake mbuzi wanalia.

"Polisi Mwingi. Jana Keinan alikupigia?"

"Alinipigia. Akasema kuna msiba, watachelewa. Nikawaambia kina mama wapumzike. Lori haijafika mpaka leo. Keinan yuko wapi? Na nyinyi maji mtaleta lini?"

Swali la kwanza lilikuwa gumu, la pili lilikuwa gumu zaidi. Ndeti akasema ahsante, mzee, akakata. Kwa hivyo mtu wa mwisho kabisa wa kushika ndoo kule Ukasi alijua lori iko wapi. Mwenye droni hakujua.

Akarudi seli. "Nani alisema mpitie matangani?"

"Mutie aliambiwa na watu wa hapo tangu juzi. Tukifika Nguni akaita ofisi kwa redio. Mwanamke akajibu, yule Wayua. Akasema, endeni, mimi nitawapangia, kama siku zile zingine."

"Siku gani zingine?"

Keinan akamwangalia kama mtu anayeangalia mgeni. "Afande, wewe si Mkamba? Unafikiri watu wako huzikana na nini, huu mwaka?"

*

Mpaka Nguni ni lami, halafu ni ardhi kavu tupu. Land Rover ya polisi ilikuwa inakohoa vumbi mpaka Kwa Mbaluka, na saa tano na nusu Ndeti akasimama mbele ya lori. Au kile kilichobaki. Kichwa hakikuwepo. Tenki lilikuwa limepasuka, na chini yake ardhi ilikuwa bado na unyevu, nzi na nyuki wamejaa hapo wanakunywa.

Akaanza kazi. Yeye hupima kwa hatua. Kutoka lori mpaka shimo, hatua kumi na tisa. Kutoka shimo mpaka kwa mawe ambapo Keinan aliswali, hatua mia moja arobaini na mbili, na hapo juu akapata alama ya magoti mawili na ya paji la uso kwa vumbi. Ilielekea kaskazini, kule Makka iko. Mtu anayengoja mlipuko hawezi kuupa mgongo na kuinama. Akapiga picha.

Kisha akarudi kwa shimo. Urefu hatua mbili na kidogo. Upana nusu yake. Pembe nne zimenyooka kama zimepimwa na rula. Kina kilikuwa kimefika kwa goti tu. Kwa chini udongo ulikuwa matope mekundu, na kwa matope kumeanguka mtaimbo, chuma ndefu ya kuvunja mawe, ncha zake zinang'aa kwa kutumika.

Akauinua. Mzito. Hiyo ndiyo ilikuwa "mtutu" kwa picha.

"Weka chini, hiyo ni ya mume wangu."

Mwanamke alikuwa ametoka jikoni, leso imefungwa kiunoni, macho makavu kabisa. Alikuwa Kavindu, mwenye boma. Mama yake alikuwa amekufa wiki iliyopita, mazishi yalikuwa yafanyike leo. Mume wake alikuwa mmoja wa wale wawili waliokufa hapa na Mutie, na wa pili alikuwa shemeji yake.

"Pole, mwaitu," Ndeti akasema, vile Wakamba humwita mama, akauweka chini polepole.

"Pole ya nani? Ya mama ama ya mzee? Sasa niko na watatu wa kulilia na kaburi moja haijaisha."

"Naweza kuuliza juu ya maji?"

"Uliza."

"Kwa nini mpira uliingia kwa kaburi?"

Kavindu akachukua jiwe akalipiga chini. Lililia kama limegonga karai. "Sikia hiyo. Mvua imekosa misimu mitatu. Vijana walichimba siku nzima wakatoa udongo wa kujaza sufuria. Lazima uloweshe kwanza, ungoje, uchimbe, uloweshe tena. Na waombolezaji mia mbili watakunywa nini? Kwetu mtu mwenye gari ya maji akipita karibu na msiba, anaingia. Haombwi. Akipitiliza, watu watamkumbuka mpaka kwa wajukuu."

"Mutie alikuwa ameingia misiba mingine?"

"Hii ni ya tano tangu Machi. Kwa Syokau, kwa mwalimu, kule kwa kanisa, kwa wale mapacha, sasa hapa."

"Na ile ndege ndogo?"

"Ilikuja zote. Inazunguka hapo juu kama mwewe, halafu inaenda zake. Watoto walikuwa wanaipungia mkono." Akafuta mkono kwa leso. "Jana pia waliipungia."

Ndeti akaangalia juu. Mara nne droni ilikuja, ikaona lori nje ya njia, shimo, mtaimbo, mpira. Mara nne ikaenda. Macho ni yaleyale, shimo ni lilelile. Basi hizo mara nne kuna mtu alikuwa anaiambia iende. Mara ya tano huyo mtu alinyamaza, ama alinyamazishwa.

"Mwaitu, nikikuletea karatasi ya kuandika haya maneno, utaweka kidole?"

"Nitaweka hata mguu," Kavindu akasema. "Lakini niambie kwanza. Kuna mtu ataisoma?"

Ndeti alifungua daftari. Aliandika maneno yake yote, akamsomea, na Kavindu akaweka kidole.

*

Ndeti alimpata Wayua huko Mwingi, saa nane, kwa hoteli ya chai nyuma ya soko la mbuzi. Alikuwa na begi mbili miguuni na chai iliyopoa.

"Unasafiri?"

"Nimehamishwa. Depo ya Makindu. Barua imekuja asubuhi, gari inanichukua saa hii hii." Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye redio ya dawati la raia, sauti ambayo madereva wote walijua. "Inspekta, sina maneno."

"Sijauliza."

"Utauliza."

"Basi nauliza. Mara nne ulimwambia nani?"

Akaangalia mlango. Akaangalia chai.

"Kwa dawati la jeshi kulikuwa na sajini, tulisoma naye darasa moja. Mutie akiniambia kuna msiba, ninatuma ujumbe kwa simu yangu. 'Ni mazishi, waachie.' Yeye anawaambia wenye skrini. Sekunde tano, imeisha. Hakuna karatasi."

"Kwa nini hakuna karatasi?"

"Maji ya Ujumbe si ya mazishi! Wazungu wakiona lori imeloweshea mtu kaburi, watafunga mfereji wote. Madam alijua. Alikuwa anasema, sijasikia, sijaona. Lakini alikuwa hakatazi."

"Na jana?"

"Ijumaa ilikuja barua. Eti kuna habari zinavuja. Simu zote ziachwe kwa sanduku la mlangoni, mawasiliano yote kupitia fomu. Nikauliza, na vitu vya haraka? Nikaambiwa, fomu ni ya haraka."

"Barua alisaini nani?"

Wayua akacheka, na hicho kicheko hakikuwa kizuri kusikia. "Wote wawili. Sahihi ya Meja hapa, ya Madam hapa. Mwaka mzima hawajawahi kusaini kitu pamoja, wakasaini hiyo."

"Kwa hivyo jana ulijaza fomu."

"Saa sita kasoro dakika nane. Sababu za kutoka njia kuna orodha: gari kuharibika, mafuriko, mgonjwa, usalama. Msiba hakuna. Nikaweka 'nyingine', nikaandika matanga, Kwa Mbaluka, masaa mawili. Fomu haifiki jeshini mpaka Madam aiidhinishe. Nikaenda mpaka kwa meza yake nikamwonyesha kwa kompyuta. Akasema, acha hapo. Nikaona ameisoma."

"Hakukataa?"

"Hakukataa, hakukubali. Aliiacha. Halafu saa saba na dakika mbili simu yake ya mezani ikaita. Akaiangalia. Ikanyamaza. Ikaita tena. Akaiangalia. Ikaita ya tatu." Wayua akasukuma kikombe. "Hakushika."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ile simu iko na taa mbili. Kijani ni za nje. Nyekundu ni dawati la jeshi. Ilikuwa nyekundu."

Ndeti akaacha kuandika. Nyekundu. Kwa hivyo dakika nane kabla ya kupiga, kuna mtu upande wa jeshi alikuwa na shaka. Mwenye uhakika hapigi simu mara tatu.

"Wayua, nataka hiyo maneno kwa karatasi."

"Hapana."

"Kuna mtu anachukuliwa saa kumi. Ana mke, ana watoto wanne."

"Na mimi niko na mama anatumia oksijeni kule mjini Wote, na hii kazi ndiyo inajaza mtungi." Akasimama, akabeba begi zake. "Kwa mdomo nimekupa yote. Kwa karatasi, afande, mimi nitasema sikumbuki. Nitaapa kwa Biblia nisikumbuke. Nisamehe."

Nje gari nyeupe ilikuwa inapiga honi. Alilia akienda, lakini alienda.

*

Saa tisa kasoro robo Ndeti alisukuma mlango wa Kituo cha Pamoja. Kelele za asubuhi zilikuwa zimeisha. Meja na Muthoki walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza, viti vimekaribiana, thermos ya chai kati yao. Muthoki alikuwa anammiminia Meja.

"Karibu, Inspekta," akasema vizuri kabisa. "Utakunywa?"

"Nitasimama." Ndeti akaweka mtaimbo juu ya meza. Vikombe viliruka. "Mtutu wenu huo."

Muthoki akashika kikombe chake kisianguke.

"Lile shimo ni kaburi. Mpira ulikuwa wa kulowesha udongo. Keinan alikuwa anaswali, alama ziko. Simu ya Garissa ilikuwa ya kuwaambia watu wa kambi maji itachelewa, na mwenye kupigiwa amekubali. Lori haikutekwa. Iliomba ruhusa kwa redio, na fomu ikajazwa saa sita kasoro dakika nane. Madam, wewe uliisoma."

"Fomu ambayo haijaidhinishwa," Muthoki akasema, "kwa mwongozo wetu maana yake ni msiende. Kimya changu ni hapana. Hao walienda bila ruhusa."

"Sawa. Meja, wewe saa saba na dakika mbili ulipiga simu kwa Madam. Mara tatu. Kwa nini?"

Meja Mwau akaangalia mkono wake. "Mkubwa wa zamu, yule mgeni, aliniita kwa skrini. Akaniuliza, raia wana mtu hapo? Nikasema ngoja niulize. Haikujibiwa. Kwa mwongozo wetu, dawati la raia likinyamaza, maana yake ni hakuna mtu wao."

"Kwa hivyo kimya cha Madam kwake ni msiende, na kimya hichohicho kwako ni pigeni."

"Sikuandika hiyo miongozo mimi."

"Hukuandika. Lakini ulikaa mbele ya skrini. Wewe ni mtoto wa Mukuyuni, Meja. Umechimba makaburi mangapi?"

Meja akaanza kushusha mikono ya shati.

"Mangapi, mkubwa?"

"Kumi. Kumi na mbili. Kila kijana amechimba."

"Wanaume wanne, mtaimbo mmoja, wanapokezana. Akina mama na sufuria pale kando. Hema ya kanisa. Wewe uliona nini?"

Meja akaweka kikombe chini. "Niliona kaburi," akasema pole pole. "Ndio maana nilipiga simu."

"Na haikushikwa. Nimetembea hapo nje sasa hivi." Ndeti akaonyesha korido. "Kutoka kwa kiti chako mpaka kwa kiti cha Madam ni hatua kumi na mbili. Ulikuwa na dakika nane. Kwa nini hukutembea?"

"Asubuhi hiyo aliniita mtu wa kijiji mbele ya wageni," Meja akasema. "Juu ya magari ya kusindikiza. Nilisema siwezi kumfuata mtu kama huyo mpaka kwa meza yake."

"Na wewe, Madam? Taa ilikuwa nyekundu."

"Nilifikiri anapiga kuendeleza ugomvi." Sauti ya Muthoki ilikuwa imeshuka. "Ama ameona fomu kwa njia zake, anataka kunishika na maji ya mazishi. Nikasema acha aite, atachoka." Akafunika macho kwa mkono, halafu akautoa, na alipoutoa uso ulikuwa umerudi wa ofisini. "Hatukujua, Inspekta. Hakuna mtu alitaka watu wafe."

"Sijasema mlitaka. Nasema muandike hivyo. Mtu mmoja kwa seli hana hatia, na nyinyi wawili ndio mnajua."

Muthoki akamwangalia Meja. Meja akafungua droo, akatoa karatasi tatu zimebanwa vizuri, akazisukuma mbele.

Ndeti akasoma akiwa amesimama. *Ripoti ya Pamoja.* Lori ilitekwa na dereva wa pili. Dawati la raia lilifuata mwongozo wake kikamilifu. Dawati la jeshi lilifuata mwongozo wake kikamilifu. Ushirikiano wa madawati mawili ulikuwa mzuri. Ilikuwa imeandikwa safi, Kiswahili kimenyooka, aya zinafuatana kama zimeandikwa na mkono mmoja.

"Mmeandika lini?"

"Saa nne," Meja akasema. "Ulipotoka tu."

"Pamoja?"

"Pamoja."

"Mkisema ukweli, ni kazi mbili zinapotea," Ndeti akasema. "Basi. Kazi mbili. Kwa Keinan ni maisha."

"Si kazi mbili." Muthoki aliinama mbele, na safari hii hakuwa anapiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Sikiliza. Wenye pesa wakisikia jeshi lao limepiga lori yao wenyewe, na maji yao ilikuwa kwa kaburi, Ujumbe unafungwa wiki hii. Ukasi kuna watu elfu tisa. Lori ni moja kwa siku, na sasa hata hiyo imeungua. Nani atawapelekea maji? Wewe na Land Rover yako? Mtu mmoja, Inspekta. Weka huyu hapa, weka elfu tisa hapa."

"Wale elfu tisa wanamjua. Ndiye huwapelekea."

"Basi atakuwa amewapelekea mara ya mwisho."

Ndeti akatoa daftari lake, akalifungua kwa ukurasa wenye kidole cha Kavindu. "Niko na ushahidi wa mwenye msiba. Nitaupeleka mwenyewe kituoni, nitamzuia Keinan kwa seli yangu mpaka korti. Saa kumi haijafika."

Meja hakuinua macho. "Wameondoka naye saa nane."

"Mlisema saa kumi!"

"Tulisogeza mbele. Madam alipiga simu kwa bosi wako, mimi nikapiga Nairobi. Ilichukua dakika tano."

Simu ya Ndeti ikatetemeka mfukoni. Alijua ni nani kabla ya kuangalia. Akashika.

"Ndeti," mkubwa wake akasema. "Achana na hiyo maneno. Faili imehama. Rudi, kuna wizi wa ng'ombe Ngomeni."

"Mkubwa, yule mtu hana..."

"Nimesema faili imehama." Ikakatika.

Kwa dirisha lori tupu ya chakula ilikuwa inarudi nyuma, dereva akipiga kelele kwa mtu atoe mbuzi njiani. Jua lilikuwa limekaa juu ya Mwingi vile lilivyokaa tangu mwaka jana.

"Hapa chini kuna mahali pako pa sahihi," Muthoki akasema. "Afisa mchunguzi."

"Siweki."

"Hatukulazimishi." Alichukua kalamu. Chini ya mstari wa afisa mchunguzi kulikuwa na kisanduku kidogo kimeandikwa *Hakupatikana*, na ndani yake akaweka alama, kwa upole, kama mwalimu anayesahihisha kitabu cha mtoto. Akampa Meja kalamu. Meja akaweka sahihi yake. Muthoki akaweka yake kando, na akapuliza wino ukauke.

"Tukimaliza hii," Meja akamwambia Muthoki, "tuangalie ile ya magari ya kusindikiza. Nafikiri tunaweza kuelewana."

"Hata mimi nafikiri hivyo," Muthoki akasema. "Lete ramani."

Ndeti alirudisha daftari mfukoni. Akauchukua mtaimbo juu ya meza, maana ulikuwa na mwenyewe na leo kaburi tatu bado hazijachimbwa. Akatembea mpaka mlangoni. Upepo ulikuwa umeingia na vumbi jekundu, likianza kukaa juu ya ramani yao.

"Inspekta," Meja akaita bila kugeuka. "Tafadhali. Mlango."

Ndeti akatoka, akaufunga.